Jiko Lililovuka Mpaka

Mama Florentine hakununua nyumba. Alinunua jiko, nyumba ikafuata nyuma kama mkia.

Ndivyo alivyowaambia wateja wake, na hakuwa anatania sana. Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na sebule, matofali ya udongo, mabati yenye kutu, kwenye avenue moja ya Tshopo, mjini Kisangani, ambako watu wakinyamaza kidogo unasikia maji ya barrage, bwawa la umeme, yakinguruma. Dirisha moja lilikataa kufungika, la pili lilikataa kufunguka. Lakini kule nyuma ya uwanja kulikuwa na jiko la kujengwa, lenye kuta za kweli, mafiga makubwa, na bomba la moshi ambalo mwenye nyumba, Papa Lambert, aliliunga mwenyewe kwa madebe. Florentine alikuwa mkaangaji wa mikate, zile duara za ngano zinazovimba ndani ya mafuta, ambazo Kisangani nzima huzila asubuhi na chai. Mwanamke wa kazi hiyo akiona jiko lenye kuta, moyo unamruka kuliko akiona mwanaume.

Tangu mumewe afariki alikuwa amekaangia kwenye vibaraza vya watu. Alipanga Mangobo, akapanga Kabondo, akahamia Tshopo akapanga tena. Kila mwenye nyumba alikuwa na sheria zake. Huyu hakutaka moshi. Yule hakutaka wateja wapite mbele ya mlango wake. Mwingine alitaka mikate ya bure, halafu analalamika kwamba sukari haitoshi. Na mvua, ambayo huko haiombi ruhusa, ilikuwa inadondokea ndani ya mafuta, pwaa, na Florentine anaruka kama chura.

Kwa hiyo Papa Lambert aliposema kwamba anarudi kwao Opala, azeeke kando ya mto Lomami na samaki wake, na kwamba anauza lupango lake lote, kiwanja na kila kilicho juu yake, Florentine alikuwa wa kwanza kugonga mlango. Akiba ya miaka yote ilitoka chini ya godoro. Karatasi zikapigwa muhuri. Kwenye karatasi hizo aliandikwa jina la babu zake, maana ilikuwa miaka ile ambayo serikali ilikuwa imeyatupa majina ya ubatizo na kila mtu mzima anaitwa mwananchi, citoyen au citoyenne. Wateja walijaribu jina jipya siku moja, mikate ikapoa, wakarudi kwenye Florentine.

Kulibaki jambo moja tu: kunywesha mpaka.

Watu wa avenue ile walisema hivi: karatasi ni ya ofisi, mpaka ni wa majirani. Siku ya kuuziana, muuzaji anatembea na jirani wa kila upande, wanapanda vijiti kwenye mpaka, na mnunuzi anawapa kinywaji. Ukishakunywa, umekubali. Na vijiti hivyo si vijiti vikavu. Vinakatwa kwenye miti ya uzio, na kwa mvua ya Kisangani, kijiti ukikisahau kimesimama udongoni, ukirudi kina majani. Kikishatoa majani, hakuna tena mtu wa kukigusa peke yake. Kukihamisha lazima majirani wote waitwe, na lazima mtu awanyweshe upya.

Majirani walikuwa watatu. Ukiingia kutoka barabarani, mkono wa kushoto ni Papa Amuri, fundi wa kushona, Mwislamu wa Kasongo, mtu wa kanzu safi na maneno machache. Kule nyuma ni Mama Kyakimwa, Mnande aliyeuza maharagwe na vitunguu kwa magunia, mwenye ulimi mkali kuliko vitunguu vyake. Na mkono wa kulia, upande wa jiko, alikaa mjomba wa avenue nzima, Tonton Alphonse.

Tonton Alphonse alikuwa mwanajeshi wa zamani wa kambi ya Kapalata. Jeshi lilimstaafisha yeye, lakini yeye hakulistaafisha jeshi. Aliamka kwa kupiga filimbi. Shuka lake lilikunjwa kama bendera. Mkewe, Mama Augustine, alikuwa anaitwa mezani kwa amri, na hakuja ila alipotaka.

Siku ya mpaka ilikuwa na jua zuri. Florentine alileta bia kwa makasha, na kwa ajili ya Papa Amuri, asiyegusa pombe, alileta chupa ya sucré, soda nyekundu, imelowekwa kwenye maji ya baridi.

"Tutembee kwanza," Papa Amuri alisema. "Vinywaji haiwezi kukimbia."

Akaenda na Papa Lambert kwenye upande wake, wakapanda vijiti, vimenyooka kama mshono wa suruali. Akanywa sucré yake, akaaga, akaenda kuswali. Mama Kyakimwa naye alikuja na kamba yake mwenyewe na panga lake mwenyewe, akamaliza upande wa nyuma huku anapigana maneno na kuku. Ukabaki upande wa kulia.

"Bon," Tonton Alphonse alisema, amekwisha kukaa juu ya kasha. "Upande yangu iko ya mwisho. Lakini kwa Kapalata, hata camion ya jeshi haitoke bila mafuta."

Hapo ndipo Florentine alipopaswa kusema hapana. Lakini alikuwa na furaha, na furaha ilikuwa imemweka jikoni, jiko lake, anatwanga ndizi za lituma na kugeuza makayabu, samaki wa chumvi, kwa ajili ya wageni. Akatoa kichwa mlangoni.

"Mukunywe, Tonton! Mukunywe tu!"

Wakanywa. Papa Lambert akaanza kulia kwamba watoto wake wote walizaliwa hapa. Tonton Alphonse akamfariji kwa chupa nyingine. Papa Lambert akalia kwamba hata mbwa wake alizikwa hapa. Akafarijiwa tena. Walipochukua vijiti, kila mmoja alikuwa amemshika mwenzake, haikujulikana nani anamsaidia nani.

"Chukua kamba yangu," Mama Kyakimwa alisema.

"Mama, askari hapana tembea na kamba. Mbuzi njo inatembea na kamba," Tonton Alphonse alijibu, akakaza kifua. "Lambert! Nyuma yangu! Gauche! Droite! Gauche!"

Florentine, kule jikoni, aliwasikia wakija kutoka barabarani. Gauche, droite, gauche. Halafu gauche. Halafu gauche tena. Akacheka mpaka machozi yakaingia kwenye lituma, wala hakujiuliza kwa nini mtu anayekwenda mbele aseme kushoto mara nyingi namna ile. Walipopita mbele ya mlango wa jiko, kati ya jiko na nyumba, alifikiri wamefuata harufu. Akampa kila mmoja kipande cha makayabu cha kuonja. Papa Lambert akapokea, akashukuru, akapanda kijiti hapo hapo mlangoni.

Asubuhi yake Papa Lambert alipanda boti na vyungu vyake na kitanda chake, akaenda zake Opala. Florentine alimsindikiza, akapunga kitambaa, akarudi nyumbani mwake akiimba. Alipozunguka nyuma ya nyumba, wimbo ukakatika katikati.

Vijiti vilianza vizuri barabarani. Vilinyooka mpaka kona ya nyumba. Hapo vikapinda kama mtu aliyeona rafiki upande wa pili wa barabara, vikapita kati ya nyumba na jiko, vikaliacha jiko kwa Tonton Alphonse, vikaacha na msalani, vikaacha na shimo la takataka, ndipo vikagonga uzio wa nyuma.

Mama Kyakimwa alikuwa amesimama upande wake, ameweka kidevu juu ya uzio.

"Ndeko, dada yangu," alisema, "umenunua nyumba na hauna fasi ya kupikia."

"Ni bia tu," Florentine alisema. "Nitamuona Tonton."

Tonton Alphonse alikuwa kitandani, kitambaa chenye maji kwenye paji la uso. "Kesho, mama," alisema kwa sauti ndogo. "Leo kichwa yangu iko na parade."

Kesho ikanyesha. Kesho kutwa ikanyesha zaidi. Mvua ile ilikaa juu ya Tshopo kama mgeni asiyejua kuaga. Ilipokatika, Florentine alitoka na ndoo yake ya unga, akaona kwenye kila kijiti kijani kidogo, kinang'aa, kimejaa afya. Na katikati ya kijani hicho alisimama Tonton Alphonse, mikono nyuma, ameshapona kichwa.

"Mama Florentine. Mupaka imeota."

"Imeota juu ya bia, Tonton! Siku ile mulikuwa munaona miti mbili-mbili."

"Bia ilikuwa yako. Wewe njo ulinipa, na miye nilikunywa. Nilikunywa maana yake nini?"

Jibu Florentine alilijua.

"Lakini miye si mutu mubaya," Tonton Alphonse aliendelea. "Utapika tu humu. Kila asubuhi unaniletea sahani ya mikate ya moto, njo heshima. Basi. Nani anakufukuza?"

Jioni ile ile alihamishia kiti chake cha kulalia ndani ya jiko, karibu na moto, kwa ajili ya magoti. Kuku wake wakamfuata.

Florentine alilala, lakini usingizi ulikataa kuja. Alikuwa amewaambia watu wote kwamba sasa ana kwake. Alikuwa amemwandikia hata dada yake wa Bukavu. Na sasa karatasi ziko chini ya godoro, muhuri ni mzima, na yeye anaenda kuamka gizani kuomba ruhusa ya kuwasha moto, kama Mangobo, kama Kabondo. Bila jiko, nyumba ile ilikuwa nini? Madirisha mawili yasiyoelewana.

Kulipokucha akaenda kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa, ambaye nyuma ya mgongo wake watu bado walimwita Constant, kijana mnene mwenye kitambulisho cha Chama kifuani, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa Salongo, ile kazi ya usafi ya kila Jumamosi ambayo hakuna aliyeikwepa bila matatizo. Constant alisikiliza yote mpaka mwisho. Alicheka pale kwenye kipande cha makayabu, akaomba radhi, akacheka tena.

"Citoyenne, udongo iko ya Serikali," alisema. "Hata hii kiti yangu imesimama juu ya udongo ya Serikali. Miye sijui jiko ya nani. Miye naangalia miti. Ya huku iko ya huyu, ya kule iko ya yule. Samedi kwa Salongo, kila mutu anasafisha kitu yenye iko ndani ya miti yake. Point."

Florentine alisimama, akafunga vizuri pagne, kitenge chake cha kiunoni, akafika mlangoni. Hapo akageuka.

"Chef, rudilia kidogo."

"Nirudilie nini?"

"Ile ya Samedi."

Constant akarudilia. Florentine akamshukuru sana, hata Constant akashangaa anashukuriwa nini.

Kesho yake asubuhi Tonton Alphonse aliletewa sahani yake. Mikate ilikuwa ya moto, mizuri, imepangwa kama piramidi.

"Mikate yako, bailleur," Florentine alisema. Bailleur ndilo jina ambalo wapangaji wanamwita mwenye nyumba, wakitaka kitu.

Tonton Alphonse akanyoosha shingo. Hakuna aliyewahi kumwita hivyo. Alikula polepole ili neno lile likae vizuri.

"Na jiko yako inavuja," Florentine aliongeza.

"Jiko yangu?"

"Ya nani tena, bailleur? Ile kona ya kushoto. Maji inaanguka ndani ya mafuta. Bailleur yangu ya Mangobo hakukawia hata siku moja. Mutu ya heshima kabisa. Lakini najua na wewe hautakawia."

Hapa ielezwe jambo moja. Tonton Alphonse alijua bunduki, alijua gwaride, alijua kupika ugali kwa kofia ya chuma. Lakini hakuwahi kuwa na mpangaji. Na Florentine alikuwa mpangaji tangu nywele zake zikiwa nyeusi zote. Alijua kila malalamiko yaliyowahi kutungwa Kisangani, na mengine alikuwa ameyatunga yeye.

Tonton Alphonse alipanda juu ya jiko na nyundo. Mabati mazuri, manjanja kama wasemavyo huko, alikuwa nayo, mapya, aliyaweka kwa ajili ya chumba chake cha kulala. Akayapigilia pale. Mama Augustine alitoka akasimama chini ya ngazi.

"Alphonse. Hii si manjanja ya chumba yetu?"

"Bailleur anatengeneza nyumba yake," Tonton Alphonse alisema kutoka juu.

"Bailleur nani?"

Kesho yake ilikuwa bawaba ya mlango wa jiko. Siku iliyofuata panya. "Bailleur, panya yako imekula unga yangu, unasemaka nini juu ya ile?" Halafu moshi, kwamba bomba ni fupi na moshi unaingia kwa Mama Augustine, na Florentine, kama mpangaji mwema, anaona haya. Tonton Alphonse akarefusha bomba. Kila akimaliza kitu, Florentine alikuwa anakisifu kwa sauti kubwa, halafu anaonyesha kingine kwa sauti ndogo.

Ikafika Jumamosi. Filimbi ya Constant ilipita avenue nzima, watu wakatoka na majembe na mapanga. Florentine alifagia mbele ya nyumba yake, akafagia na kando, akamaliza mapema. Akavaa pagne ya kanisani, akaweka kiti kivulini, akaanza kuchambua maharagwe.

Constant alifika na kijitabu chake, akaziba pua.

"Citoyenne! Msalani imejaa! Inanuka mupaka barabarani. Na ile shimo ya takataka, angalia!"

"Kweli kabisa, Chef," Florentine alisema, hata hakusimama. "Hata miye nashangaa. Muulize mwenyewe."

"Mwenyewe iko nani?"

"Bailleur."

Tonton Alphonse aliitwa. Alikuja haraka, akakataa haraka zaidi. "Chef, ile choo si yangu! Ilikuwa ya Lambert, sasa iko ya huyu mama!"

Constant akaangalia vijiti. Avenue nzima nayo ikaja kuangalia vijiti, maana kazi ya Jumamosi haina raha nyingine.

"Miti inapita wapi?" Constant aliuliza.

"Miti, Chef, miti inachukua jiko. Choo ilijikuta tu pale."

"Ilijikuta? Ilikuwa inaenda wapi?"

Watu wakacheka. Mama Kyakimwa alicheka mpaka akashika uzio.

"Sikiliza, citoyen," Constant alisema. "Miti haiwezi kuruka kama chura, inachukua jiko, inaruka choo. Ama yote iko yako, ama hakuna kitu iko yako. Chagua."

Florentine akaendelea kuchambua maharagwe. Vidole vyake vilikuwa vinachambua, lakini masikio yote mawili yalikuwa kwa Tonton Alphonse. Kama angesema sasa, mbele ya chef na watu wote, kwamba hakuna kitu, kazi ingekuwa imekwisha.

Tonton Alphonse aliangalia jiko. Mabati yake mapya yanawaka kwenye jua. Kiti chake cha kulalia kinaonekana mlangoni, kuku mmoja juu yake. Aliangalia watu waliokuwa wanamcheka, na shingo ya mwanajeshi ikakataa kupinda.

"Yote!" alisema. "Yote iko yangu!"

"Basi chimba," Constant alisema, akaandika, akaendelea mbele.

Udongo wa Tshopo, mvua ikiisha, unashika jembe kama mtoto anayekataa kuachishwa ziwa. Tonton Alphonse alifukia shimo la zamani na kuchimba jipya, hatua chache tu kutoka la kwanza. Alifukia na shimo la takataka, akachimba lingine. Mama Kyakimwa alileta kiti, akaleta na karanga. Florentine, yeye alileta maji ya kunywa, kwa huruma.

"Pole, bailleur. Chimba murefu kidogo. Sisi wapangaji tuko na tumbo."

Tonton Alphonse alizidi kuchimba. Alionekana kichwa tu, baadaye hata kichwa hakikuonekana, ni udongo tu uliokuwa unaruka kutoka chini, na matusi ya Kifaransa ya kambini.

Kazi ikaisha. Likawa shimo zuri, lenye mbao ngumu juu, kuta mpya za matete na mlango unaofunga. Ndipo Florentine akakumbuka wateja wake. Watu wanaokula mikate na chai nyingi asubuhi huwa na shida zao, na zamani alikuwa anawaambia wavumilie. Sasa akawa anawaelekeza kwa ukarimu.

"Pita kule, papa. Pita tu. Bailleur yangu hakatazake mutu."

Asubuhi yote ikawa safari. Wanafunzi, wauza mkaa, makarani wenye tai, wanapita, wanarudi, na kila anayepita, kwa sababu watu wa Kisangani wana adabu, anamsalimia Mama Augustine aliyekaa kwenye kibaraza chake na kikombe chake.

"Mbote, mama. Mumeamka?"

"Mbote."

"Mbote, mama. Chakula njema."

Mama Augustine alivumilia wiki nzima, na huo ulikuwa uvumilivu mkubwa kwa mwanamke ambaye chumba chake kinavuja. Siku karani mmoja alipotoka msalani, akamsalimia kwa mkono, kikombe kiliruka mpaka kwenye vijiti. Florentine alikuwa anakanda unga, akasikia kila neno, na avenue pia ilisikia.

"Alphonse! Umenioa miye ama umeoa msalani? Manjanja yangu iko juu ya moshi ya mutu mwingine! Mugongo yako kila usiku unalia, nani anapaka mafuta? Miye! Juu ya nini? Juu ya sahani ya mikate! Ile mikate ningeinunua miye mwenyewe, na chenji ningerudisha!"

Jumapili, baada ya misa, Tonton Alphonse alikuja mlangoni kwa Florentine. Alikuja kwa mlango wa mbele, wa barabarani, kama mgeni. Nyuma yake kulikuwa na kasha la bia, na juu ya kasha chupa moja ya sucré.

"Mama Florentine," alisema. "Nimefikiri juu ya ile mupaka. Siku ile tulikunywa kidogo."

"Kidogo, Tonton?"

"Bon. Tulikunywa."

Moyo wa Florentine ulikuwa unapiga hodi mpaka kwenye masikio. Alitaka kumkumbatia mzee wa watu, kasha na yote. Lakini alijua kwamba akisema ndiyo haraka, mzee atasikia harufu ya kitu, na shingo ile itanyooka tena. Akakaa. Akafuta kiti ambacho hakikuwa na vumbi.

"Lakini miti imeota, bailleur."

"Usiniite tena vile."

"Na miye nimezoea. Mutu akipata mwenye nyumba mwema, kuhama ni huzuni. Tena nilitaka kukuambia juu ya ile mulango ya msalani, inapiga kelele…"

"Mama Florentine!" Tonton Alphonse alivua kofia. Hakuna aliyewahi kuona utosi wake, ulikuwa mweupe kama yai. "Nakuomba. Ikamata jiko yako. Ikamata yote. Miti turudishe fasi yake ya zamani, na miye njo nanywesha."

Florentine akavuta pumzi.

"Mbele ya majirani wote?"

"Mbele ya wote."

"Na tunatembea kwanza?"

Tonton Alphonse akaangalia kasha, akaangalia chini. "Tunatembea kwanza," alisema.

Wakaitwa. Mama Kyakimwa alikuja na kamba, akakaa juu ya kasha la bia kwa uzito wake wote, akasema hainuki mtu hapa mpaka kijiti cha mwisho. Papa Amuri alishika ncha ya kamba. Alifunga jicho moja kama anavyofanya akitunga uzi, akasema, "Kidogo kulia. Kidogo tena. Simama." Constant alikuja kuona tu, na kwa sababu alisikia neno kinywaji. Tonton Alphonse mwenyewe aling'oa vijiti vyenye majani, kimoja kimoja, akavipanda upya kwenye kamba, kutoka barabarani moja kwa moja mpaka nyuma. Hakuhesabu gauche wala droite. Florentine alitembea kando yake, hatua kwa hatua. Siku hiyo hakuwa na chungu chochote motoni.

Kijiti cha mwisho kilipoingia, Mama Kyakimwa akainuka, chupa zikafunguliwa. Papa Amuri akanywa sucré yake. Mama Kyakimwa akanywa. Constant akanywa, ingawa hakuwa na mpaka. Tonton Alphonse akapokea chupa yake, akainua, na hapo, chupa ikiwa karibu na mdomo, macho yake yakaivuka yakaenda upande wa pili wa vijiti.

Akashusha chupa.

"Ngoja," alisema. "Ile shimo nimechimba miye."

"Umechimba vizuri sana, Tonton," Florentine alisema.

"Na manjanja…"

"Haivuje hata tone."

"Na bomba! Na mulango! Na ile shimo ya takataka!"

Papa Amuri aliangalia viatu vyake, mabega yanatikisika. Wote walijua, na Tonton Alphonse alijua kuliko wote: chupa hiyo akiinywa, amekubali. Akiiweka chini, vijiti vinarudi, na bailleur ni yeye, na kesho ni siku ya kazi, na wateja wa mikate huanza kupita kabla jua halijakausha umande.

Jua lilikuwa kali. Mwanaume alikuwa amepanda uzio mzima kwa mikono yake. Bia ilikuwa ya baridi, inatoka jasho kwenye chupa kuliko yeye. Alimwangalia Mama Augustine aliyesimama kibarazani, mikono kiunoni. Mama Augustine akanyoosha kidole kimoja kuelekea chupa.

Tonton Alphonse akainywa yote bila kupumua.

"Na bia yenyewe," alisema akifuta mdomo, "nimenunua miye."

Hapo kicheko kilichokuwa kinangoja kikatoka. Alianza Papa Amuri, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akicheka, na mwisho alicheka hata Tonton Alphonse, kwanza kwa uchungu, halafu kwa tumbo lote, anampiga Constant mgongoni. Wakakaa pale pale kando ya vijiti wakaanza kuhadithia mambo yote upya, kila mmoja akidai ni yeye aliyeona mapema.

Florentine aliwaacha. Aliingia jikoni, akafukuza kuku wa mwisho, akakitoa kile kiti cha kulalia akakiweka taratibu upande wa pili wa mpaka. Kisha akafunga mlango, bawaba haikulia. Hakuwasha moto. Hakuwa na kitu cha kupika. Alikaa tu juu ya ndoo aliyoigeuza, katikati ya kuta zake, anasikiliza kelele zao huko nje, mpaka Mama Kyakimwa akaanza kumwita.